Nani Aliyelipasua Puto la Pascal?

Jumapili moja baada ya Misa tuliwaonyesha watoto wa katekisimu, hapa kwetu Kabondo, sinema fupi ya Kifaransa iitwayo Le Ballon rouge. Watoto waliposikia jina hilo walipiga makofi, kwa kuwa hapa Kisangani balo ni mpira wa miguu, nao walidhani wataona mechi. Hawakuona mechi. Waliona puto jekundu, lile pulizo la kuchezea, na mtoto mmoja mwenye nguo za rangi ya majivu. Hata hivyo walitulia tangu mwanzo hata mwisho, karibu nusu saa na zaidi, wala hawakuhitaji mkalimani, maana katika sinema hiyo watu karibu hawasemi neno. Puto lilipokufa, wengine walilia.

Watoto walipokwisha kutoka, mzee mmoja mwenye heshima katika parokia alinijia. Akaniambia: “Mwalimu, umewaonyesha watoto wetu uchawi. Kitu kisicho na roho kinamfuata mtoto kama mbwa, kinamngojea dirishani, na mwisho mtoto anaruka angani. Wewe wajua katika mji huu mtoto anayeruka anaitwa nani. Tena, faida yake nini? Afadhali ungewaonyesha maisha ya Watakatifu.”

Niliheshimu mvi zake, nikanyamaza. Lakini tangu siku ile nimeona kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa heshima, kulikuwa woga. Kwa hiyo namjibu leo mbele yenu wote, wasomaji wapenzi, kwa sababu najua kwamba mzee yule hayuko peke yake. Wengi wenu mnawaza kama yeye. Naye asikasirike, maana nampa haki yake mahali anapostahili.

Kwanza tuijue sinema yenyewe. Ilitengenezwa na Mfaransa Albert Lamorisse, ikatoka mwaka 1956. Aliipiga katika mtaa wa Ménilmontant, mjini Paris, mtaa wa watu wa kazi, wenye nyumba kuukuu na ngazi nyingi za mawe. Mtoto wa sinema anaitwa Pascal, naye ni mwana wa Lamorisse mwenyewe. Mwaka uleule ilipata tuzo kubwa ya sinema fupi huko Cannes, kisha Wamarekani wakaipa Oscar ya hadithi iliyotungwa vizuri, ingawa ni sinema fupi na watu wake ni kama mabubu. Miaka mitatu kabla yake, yaani mwaka 1953, Lamorisse alikuwa amekwisha kutengeneza nyingine, Crin-Blanc, habari ya mtoto mvuvi na farasi wa mwituni asiyekubali kufungwa. Katika zote mbili jambo ni lile lile: mtoto anapata rafiki, na watu wazima wanashindwa kuelewa.

Habari ya puto ni hii. Asubuhi moja Pascal anakwenda shule. Anaona puto jekundu limefungwa juu ya nguzo ya taa. Anapanda, analifungua, anashuka nalo. Tangu hapo puto ni rafiki yake. Hata akiiachia kamba, halimkimbii, linamfuata. Lakini anataka kupanda basi, mwenye basi anakataa: hapana puto humu. Mtoto anakimbia kwa miguu mpaka shule. Anarudi nyumbani, mama wa nyumba analitoa puto nje dirishani. Siku nyingine linamfuata mpaka shuleni, nao mkuu wa shule anamfungia Pascal chumbani. Jumapili mtoto anakwenda kanisani pamoja na mama, puto linaingia nyuma yao, na mlinzi wa kanisa anawatoa nje. Basi mtoto anabaki njiani. Hapo ndipo genge la wavulana linapomkuta. Wanalikamata puto, wanamfukuza katika vichochoro, wanalipiga kwa mawe na manati. Linaanza kunywea polepole, na mwisho mmoja analikanyaga kwa mguu.

Nikawauliza watoto: nani aliyelipasua puto la Pascal? Wakajibu kwa sauti moja: wale wavulana wabaya! Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hesabuni tena milango, ndugu zangu. Mlango wa basi ulifungwa. Mlango wa nyumba ulifungwa. Mlango wa shule ulifungwa, tena juu ya mtoto mwenyewe. Mlango wa kanisa ulifungwa. Wale wavulana walikuwa wa tano. Kama mmoja tu wa wale wanne wa kwanza angemwambia, “Ingia na rafiki yako, mwanangu,” labda genge lisingalimkuta peke yake.

Na angalieni neno hili, maana ndilo linalonichoma. Katika wale wanne hakuna hata mmoja aliye mkatili. Mwenye basi ana sheria zake. Puto laweza kuwasumbua abiria. Mama ana nyumba ndogo na kazi nyingi. Mkuu wa shule lazima alinde utaratibu, mimi mwalimu sitamcheka. Mlinzi wa kanisa analinda heshima ya mahali patakatifu. Kila mmoja ana sababu njema, na kila mmoja akiulizwa mbele ya hakimu atatoka bila lawama. Lakini jumlisheni sababu zao njema nne, nanyi mtapata mtoto mmoja barabarani, bila mtu wa kumtetea. Dhambi hii si ya mtu mmoja, ndiyo sababu hakuna anayeiungama. Padri huketi katika kiti cha maungamo, nasi tunamletea matusi, wizi na uzinzi. Nani amewahi kusema: Padri, nilimfungia mtoto mlango, nami nilikuwa na sababu nzuri?

Sasa tuondoke Paris, turudi Kabondo.

Watoto wetu nao wana marafiki. Hawana maputo mengi, wana wenzao. Mtoto hamchagui rafiki kwa kabila, wala kwa mfuko wa baba yake. Anamwona mwenzake kando ya njia, anamgawia muhogo, wanacheza balo la matambara, yamekwisha. Kisha sisi tunaingia na sababu zetu njema.

Mwezi wa pili wa mwaka 2023 ugomvi wa ardhi uliwaka huko Lubunga, ng’ambo ya mto, kati ya Wambole na Walengola. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu walivuka mto na kukimbilia upande huu wa mji. Watoto wao walikuja nao, wengine wakaingia katika madarasa yetu na vikundi vyetu vya katekisimu. Hapo tukasikia maneno nyumbani, jioni, kwa sauti ya chini: “Usicheze na yule, ni mtu wa wale.” Mzazi anayesema hivyo anaogopa, nami naelewa hofu yake. Lakini mtoto asubuhi alikuwa na rafiki, na jioni anaambiwa kwamba alikuwa na adui. Kesho akiokota jiwe, tutashangaa amejifunza wapi?

Mtoto mwingine anafukuzwa darasani kwa ajili ya fedha. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alionyesha jambo hilo katika sinema yake Examen d’État ya mwaka 2014: vijana wa mji wetu wanatolewa shuleni kwa sababu hawakulipa fedha za walimu, nao wanahangaika kutafuta njia ya kufanya mtihani wa taifa. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni bure, na jambo hilo ni jema. Lakini tusijidanganye. Mtoto asiye na viatu, asiye na daftari, bado anajua kumsoma mwalimu usoni kama anatakiwa au hatakiwi.

Na mtoto wa tatu ndiye yule mzee wangu aliyemtaja bila kumtaja. Ni mtoto anayeitwa ndoki. Mama yake amekufa, baba ameoa mwingine, chakula hakitoshi, mtoto mchanga wa nyumba anaugua. Yatima ana macho makubwa, analala vibaya, anakojoa kitandani, anaongea usingizini. Basi inatosha. Wanasema ameruka usiku, amekula nyama ya watu. Anapelekwa kwa mtu anayejiita mchungaji, anafungwa, ananyimwa chakula, anapigwa mpaka akubali. Sisemi habari za kutunga. Hamadi huyohuyo, katika Maman Colonelle ya mwaka 2017, alimfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi, aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani, nasi tunaona watoto walioshitakiwa uchawi na kuteswa namna hiyo, hapa, katika mji wetu. Sheria iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu. Sheria tunayo. Anayekosekana ni jirani wa kwenda kubisha hodi.

Sasa, mzee wangu, nafika kwenye neno lako. Unasema sinema ile ni uchawi. Nakuuliza: puto limemdhuru nani? Limekula nini? Limeua nani? Linamngojea mtoto mvua ikinyesha. Linamfuata mpaka shuleni. Linakataa kumwacha anapofungiwa. Mtoto naye anawaomba wapita njia walihifadhi chini ya miavuli yao, lisilowe. Ikiwa sisi Wakristu tunaona upendo wa namna hiyo, na neno la kwanza linalotujia kinywani ni uchawi, basi ugonjwa hauko katika sinema. Uko katika macho yetu. Tumezoea kuogopa mpaka tukiona mtoto anapendwa tunatafuta nani amemtuma anayempenda.

Tena mtu mmoja mwenye akili, Mfaransa André Bazin, aliyekuwa Mkatoliki na mwalimu wa watu katika mambo ya sinema, aliisifu kazi hii kwa sababu puto na mtoto wanaonekana pamoja, mbele ya macho, katika njia za kweli za mji wa kweli. Lamorisse hakuficha mitaa ili atupe ndoto. Alichukua barabara kama ilivyo, na mvua yake na matope yake, akaweka ndani yake rafiki mmoja mwaminifu. Huo si uchawi. Ni mfano, kama ilivyo mifano ya Bwana wetu, ambayo nayo ina kondoo aliyepotea na sarafu iliyopotea. Hakuna aliyesema kwamba Yezu alifundisha ufugaji.

Unasema pia watoto hawataelewa. Neno hili, baba, tumelisikia zamani, tena lilisemwa juu yako. Mwaka 1945 serikali ya Wabeljiji iliweka amri kwamba Mkongomani asiingie kutazama sinema isipokuwa zile zilizokubaliwa na wakaguzi kwa ajili yake. Walisema Mwafrika hana uwezo wa kutofautisha picha na jambo la kweli. Hata mapadri wa misioni, waliotupenda, walitutengenezea sinema zetu za pembeni. Wazee wanakumbuka walivyomcheka Matamata na mwenzake Pilipili katika picha za Padri Albert Van Haelst wa Scheut. Kucheka kulikuwa kuzuri, lakini kuitwa mtoto mchanga mbele ya wageni hakukuwa kuzuri. Wakati uleule wageni walikuja kupiga sinema zao kubwa kwetu: mwaka 1958 walikuwa Stanleyville, mji wetu huu, wakitengeneza ile habari ya mtawa iliyotoka mwaka 1959. Mto wetu na miti yetu ilifaa kuonyeshwa ulimwenguni, bali macho yetu sisi yalihesabiwa kuwa dhaifu. Je, dharau tuliyoikataa kwa Mbelgiji, sasa tuwavike watoto wetu? Waulize wale waliolia Jumapili ile kama hawakuelewa.

Kuhusu maisha ya Watakatifu, nakubali kabisa, na tutayaonyesha. Lakini Mama Kanisa hajasema kwamba sinema njema ni ya Watakatifu tu. Baba Mtakatifu Pius XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936, akiwaonya waamini wajihadhari na picha chafu. Pius XII aliandika tena mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya puto hili, akasema kwamba uvumbuzi huu, ingawa umetoka katika akili ya mwanadamu, ni zawadi ya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitoa hati yake juu ya mambo hayo mwaka 1963. Zawadi huchaguliwa na kutumiwa vema, haitupwi. Na mimi naona ajabu moja: katika mji huu watoto wanatazama kila siku, katika simu za wakubwa zao, mapigano, damu na wanawake uchi. Juu ya hayo hakuna mzee aliyekuja kuniona. Amekuja kwa ajili ya puto.

Bado neno la mwisho, na hapa ndipo ninapompa mzee haki yake. Puto linapokufa, maputo yote ya Paris yanang’oka katika mikono ya wenyewe, madirishani na njiani, yanamjia Pascal pale alipokaa na kulia. Anashika kamba zao, nayo yanampandisha juu ya mji. Watoto walishangilia. Mimi sikushangilia. Nilijiuliza: mtoto huyu anakwenda wapi? Mama yake yuko wapi? Mwalimu wake? Padri wake? Maputo yamekuja kwa sababu hakuna mtu aliyekuja. Sinema inaisha kwa furaha, lakini ni furaha inayotushitaki sisi wakubwa. Mzee anasema kweli: si vema mtoto aondoke nyumbani na kupotea angani. Ila asimlaumu anayeondoka kabla ya kuwauliza waliobaki.

Kwa maana huku kwetu nako watoto wanaondoka. Wale tunaowaita mashege, wanaolala katika baraza za maduka na kubeba mizigo sokoni, wengi wao walipitia milango ileile. Mlango wa nyumba, mlango wa shule, na, Mungu atusamehe, mlango wa kanisa, pale mtu alipowaambia wasikae mbele kwa sababu wananuka. Tofauti ni moja. Huku maputo hayaji. Hakuna kitakachoshuka kutoka juu ya paa za Makiso kuwachukua. Ama twende sisi, ama hakuna aendaye.

Tujiulize basi kama Wakatoliki. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, naye Mfaransa, alifika hapa Stanley Falls na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Hakuwangoja Wakristu, maana hawakuwapo. Parokia zote tulizo nazo, na kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari, zilitoka katika mwanzo ule mdogo wa mtu aliyekwenda asikojulikana. Sisi watoto wa kazi ile tunashindwa kuvuka barabara moja ya Kabondo kwenda kwa jirani anayempiga yatima?

Yezu alipotaka kuwafundisha mitume nani aliye mkubwa, alimwita mtoto, akamsimamisha katikati yao. Someni Matayo, sura ya 18. Hakumsimamisha mlangoni. Na wanafunzi walipowazuia watoto, walikuwa nao na sababu njema: Bwana amechoka, watu ni wengi, utaratibu unaharibika. Bwana aliwakemea. Hawakukemewa kwa ukatili. Walikemewa kwa utaratibu wao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala si makubwa. Mzazi, kabla ya kumkataza mtoto wako rafiki, mwite rafiki huyo nyumbani, mpe chakula, umtazame kwa macho yako mwenyewe. Kama baada ya hapo bado unaona hatari ya kweli, sema, lakini usihukumu kwa jina la kabila. Jumuiya ndogo ya Kikristu, mkisikia mtoto ametajwa kuwa ndoki katika avenyu yenu, msingoje mkutano wa mwezi. Wawili au watatu waende siku ileile, na wasiposikilizwa waende polisi. Na sisi walimu na makatekista, mtoto akija amechelewa, tumwulize alipitia milango gani kabla ya kufika kwetu, kisha ndipo tuzungumze juu ya adhabu.

Sinema hiyo tutaionyesha tena. Safari hii sitawaita watoto peke yao, nitawaita na wazazi. Na wewe mzee wangu, nakuwekea kiti cha mbele. Njoo na wajukuu wako, nao waje na rafiki zao wote, hata yule uliyewakataza.